Pini ya Mama Mkwe

Inspekta alikwisha kuwahoji majambazi, matapeli, na safari moja hakimu mstaafu aliyekuwa akiiba kuku wa jirani, lakini hakuwahi kumhoji mama mkwe wake. Alisimama nje ya ofisi ya ulinzi, akaweka sawa kola ya shati, akakohoa kidogo, akaiweka sawa tena.

Mlinzi wa mlangoni alimtazama kwa huruma. "Ingia tu, afande. Mama Geti haumi mtu."

"Hakuumi wewe," Inspekta alijibu kimoyomoyo, akabisha hodi.

Mama Geti ndilo jina walilompa walinzi wa yadi ile. Alikuwa mkuu wa ulinzi wa kampuni binafsi iliyoendesha gati la makontena. Mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mwenye sauti ambayo madereva wa malori wakiisikia huzima injini kabla hawajamwona mwenyewe. Kwa Inspekta alikuwa mama aliyemzaa mkewe, bibi wa wanawe, na mtu pekee ambaye mbele yake hajawahi kula akashiba.

Na asubuhi ile alikuwa mtuhumiwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana yake mchana lori moja liliingia yadini, dereva akabonyeza namba sahihi getini, kreni ikampakilia kontena, akaondoka huku akiwapungia walinzi mkono. Hazikupita dakika nyingi likaja lori la kweli, dereva akabonyeza namba ileile, na mashine ikamjibu kwamba mzigo umekwisha kuchukuliwa. Ndani ya kontena mlikuwa na vichujio na maji ya mashine za kusafisha damu, mali ya hospitali kuu. Daktari wa figo alikuwa amepiga simu polisi mwenyewe. Akiba yake isingefika mwisho wa wiki, na wagonjwa wake hawakuwa watu wa kuambiwa wasubiri.

"Akaunti iliyoifungua ile namba asubuhi ya wizi ni ya mkuu wao wa ulinzi," Kamanda alimwambia Inspekta. "Unamjua?"

"Namjua, afande. Ni mama mkwe wangu."

Kamanda aliivua kofia yake, akaiweka mezani, akaitazama. "Basi kesi hii si yako. Lakini nikimpeleka mwenzako leo, atamfunga pingu kwanza ndipo amuulize jina. Nenda wewe kachukue maelezo ya mwanzo. Kama hujaniletea jipya mpaka jioni, huyo wa pingu atakwenda."

Kwa hiyo sasa Inspekta alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, kofia mapajani, akimtazama mama mkwe wake usawa wa mabega, maana kumkazia macho alikuwa hawezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Inspekta."

Nyumbani humwita mwanangu. Hapa alisema Inspekta, tena kwa kulivuta neno, kama anayemjaribu.

Chumbani walikuwemo wengine wawili. Mmoja alikuwa mwanasheria wa kampuni, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kisigino kirefu na uso usiojua mzaha. Wa pili alikuwa meneja wa zamu, mwanamume wa makamo ambaye watu wote bandarini walimwita Tabasamu. Alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa, kikombe cha kwanza kwa Mama Geti, cha pili kwa mgeni.

"Nianze na namba ya siri ya kutolea mzigo," Inspekta alisema.

Tabasamu alicheka. "Sisi tunaiita pini, mkuu. Ukitaja jina refu namna hiyo watu hapa watadhani unaagiza dawa."

"Haya, pini. Nieleze inavyofanya kazi."

"Rahisi. Mzigo ukishakaguliwa na serikali na kulipiwa, mtambo wetu unatoa pini. Dereva akiibonyeza getini, kreni inampa boksi lake. Mwenye pini ndiye mwenye mzigo."

"Nani anaweza kuiona?"

"Wakala wa mwenye mzigo, na Mama Geti. Mimi, meneja mzima, siioni!" Alijipiga kifua, akacheka tena. "Huyu mama haamini hata kivuli chake, na ndiyo maana tunampenda."

Inspekta alimgeukia mama mkwe. "Mama, jana asubuhi uliifungua pini ya kontena la hospitali?"

"Niliifungua."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu za kazi."

"Kazi gani?"

Mwanasheria aliingilia kati: "Kampuni haina la kuongeza hapo."

"Sijaiuliza kampuni. Nimemuuliza yeye."

"Kuanzia asubuhi mpaka jioni, yeye ndiye kampuni."

"Basi naiuliza kampuni. Mmewahi kuibiwa namna hii kabla ya jana?"

"Swali linalofuata," mwanasheria alisema.

Inspekta alilitia akilini jibu hilo. Mtu ambaye hajawahi kuibiwa angejibu hapana, wala isingemgharimu kitu. Akamgeukia tena mama mkwe, na safari hii ikabidi amtazame usoni kweli, maana swali lililobaki lilikuwa zito.

"Mama, ulimpa mtu yeyote ile pini?"

Mama Geti alivaa miwani. Aliwatazama mwanasheria na Tabasamu, kisha akamgeukia mkwewe, na kwa jicho la upande ambao wenzake hawakuuona, akamkonyeza.

Inspekta nusura aangushe kikombe. Miaka yote ya ndoa yake, harusi, maradhi, ubatizo wa watoto na kuhama nyumba, mama huyu hakuwahi hata kumchekea hadharani. Kumkonyeza? Alihisi masikio yanapata moto.

"Sina la kusema," Mama Geti alijibu kwa sauti kavu kabisa.

Hapo Inspekta aliamua kwamba chumba kile hakitamsaidia. Alisimama. "Naomba nikaone mahali kontena lilipokuwa. Mkuu wa ulinzi anionyeshe."

"Nitakuja nanyi," mwanasheria alisema.

Mama Geti alitazama vile viatu vya kisigino. "Yadini haingii mtu bila buti na kofia ngumu, mama mwanasheria. Kanuni hiyo uliiandika mwenyewe."

*

Walitembea kati ya safu za makontena, yeye mbele, mkwewe nyuma, kizibao cha njano kikimpwaya Inspekta mabegani. Juu yao kreni zilipita zikilia king'ora. Mama Geti alikata kona, akakata nyingine, mpaka ofisi haikuonekana tena, ndipo akageuka akacheka hadi miwani ikamtoka.

"Mwanangu, kumbe unajua kuigiza! Sura ile! Hata mimi nilikaribia kuamini kwamba unanishuku."

"Mama," Inspekta alisema polepole, "sikuwa naigiza."

"Hakuna mtu hapa. Sema nami vizuri."

"Mama, niko kwenye upelelezi wa wizi. Kwa nini ulinikonyeza?"

Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. "Kwa sababu mimi na wewe tuko kazi moja. Yule ofisa wenu aliniambia."

"Ofisa gani?"

Alimweleza. Asubuhi ya jana simu ya mezani ililia. Mtu aliyejitambulisha kama ofisa wa kitengo cha siri cha serikali alimwambia kwamba ndani ya kontena la hospitali wahalifu wameficha silaha, na serikali inataka kulitoa kimyakimya ili wahusika wasishtuke. Alihitaji pini. Mama Geti alikataa. Akamwambia ofisa huyo aandike barua. Ndipo mtu yule akasema: Mkweo yumo kwenye operesheni hii, na maisha yake yako mikononi mwa watu wanaojua kunyamaza. Usimuulize neno, hata nyumbani. Akija kukuhoji, ujue anafanya hivyo kuwafumba watu macho.

"Nikampa," Mama Geti alisema. "Jana usiku nilikuwa jikoni naomba Mungu urudi salama. Mke wako akaniuliza kwa simu nina nini, nikamwambia ni kichwa tu."

Kwa muda mrefu Inspekta alikuwa akiamini kwamba mama huyu anamvumilia tu kwa ajili ya bintiye.

"Mama, hakuna operesheni. Hakuna silaha. Yule si mwenzetu."

Alimwona akishika ukingo wa kontena kwa kiganja. Inspekta alivua kizibao chake, akakikunja, akakiweka juu ya ngazi ya chuma iliyokuwa karibu, akamwashiria akae. Kumshika mkono hakuthubutu. Mama Geti alikaa.

"Na wale wagonjwa?"

"Bado wana vifaa vya siku chache."

"Mwenzangu mmoja ambaye tunasukana nywele anasafishwa damu pale hospitali," alisema, bila kumtazama. "Nimeyatoa maji yake kwa mkono wangu huu."

Inspekta aliinama, akachuchumaa mbele yake kama afanyavyo anapozungumza na mtoto wake mdogo. Alikuwa na neno ambalo hakuruhusiwa kulisema, na alijua kwamba akilisema kazi yake inaweza kwenda na maji.

"Mama, nitakwambia jambo lililokatazwa kutoka nje ya chumba cha Kamanda. Jumatatu tulipewa onyo kutoka bandari za nchi nyingine. Kuna genge linawapigia simu wafanyakazi wa kampuni za bandari, wanajifanya maofisa wa usalama, wanaomba namba za siri za kutolea mizigo. Wanatumia habari za familia kuwalainisha watu. Tukaambiwa ni siri, kampuni zisijue, maana huenda ndani yake kuna watu wa genge."

Mama Geti aliinua uso. "Jumatatu? Mlijua tangu Jumatatu?"

"Tulijua."

"Na mlitaka sisi tujikinge kwa njia gani? Kwa kuoteshwa?"

Kreni ilipita juu yao, kivuli chake kikawafunika kisha kikaondoka.

"Haya," Mama Geti alisema baadaye, sauti imeshuka. "Nikikulaumu wewe peke yako nitakuwa mnafiki. Mwezi uliopita lilitoka kontena la matairi namna hiyohiyo. Kabla yake, la simu. Pini sahihi, lori la uongo. Wakati ule zilivuja kwa mawakala, hazikupita kwangu, na baada ya hapo ndipo nikazibana hivi. Kampuni ikamalizana na wenye mizigo kimyakimya. Tukaambiwa polisi wasijue, wateja watakimbilia bandari nyingine. Nami nikanyamaza."

"Ungeniambia."

"Wewe ndiye ungeniambia."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza Inspekta hakukwepesha macho. Kisha wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

"Tuanze upya," Inspekta alisema. "Niambie maneno yake, kama alivyoyasema. Aliomba nini hasa?"

"Alisema, 'Mama, nipe pini ya lile boksi la hospitali.'"

"Alisema pini?"

"Pini. Na boksi."

Inspekta alisimama. "Mimi neno hilo nimefundishwa leo na Tabasamu. Kituoni kwetu hakuna anayelitumia. Hata kwenye onyo lile halikuwemo. Mtu wa serikali angesema namba ya siri, na kontena angeliita kontena. Huyu amefundishwa na mtu wa huku kwenu."

"Madereva wote wanasema pini. Mawakala wote."

"Sawa. Lakini nani huku kwenu anajua kwamba mimi ni mkweo?"

Mama Geti alifumba macho akifikiri. Walinzi hawakujua. Alikuwa mkali juu ya hilo. Nyumbani ni nyumbani. Kisha akayafumbua.

"Ulipohamishiwa kituo cha bandari nilikwenda ofisini kusema, isije ikadaiwa nimeficha. Nilisema mbele ya watu wawili tu. Mwanasheria na Tabasamu."

Jina la kwanza lilimwingia Inspekta vizuri sana. Aliukumbuka uso ule mkavu, lile "swali linalofuata". Alitaka iwe yeye, na kwa sababu hiyo hiyo akajizuia.

"Mwanasheria ana sababu ya kuficha," alisema. "Kampuni yake itapoteza wateja. Anayeficha si lazima awe ndiye anayeiba. Huyo mtu alisema atapiga tena?"

"Asubuhi hii amenipigia. Leo mchana anataka pini ya kontena la pili la hospitali. Nilimwambia nitaitoa." Aliinuka, akakipangusa kizibao cha mkwewe, akamrudishia. "Nimsubiri?"

"Msubiri. Na umpe."

*

Kamanda alisikiliza kwa simu bila kukatiza. Inspekta aliposema kwamba amemweleza mama mkwe habari za kikao cha Jumatatu, upande wa pili akasikia kofia ikitupwa mezani.

"Hilo tutalizungumza," Kamanda alisema.

"Ndiyo, afande."

"Nitakupa gari mbili zisizo na alama. Zikae mbali. Na ukilipoteza kontena la pili, usirudi hapa. Nenda moja kwa moja ukamweleze daktari."

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Yadi ilikuwa na mageti mawili ya kutokea, kubwa na la pembeni. Inspekta alimfuata kwanza mwanasheria ofisini kwake.

"Nakuamini kwa jambo moja," alimwambia. "Mchana huu polisi watapekua malori yote geti kubwa. Nakuomba lisitoke hapa."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mtu asiyesema neno ovyo anafaa kuambiwa."

Mwanasheria alimwangalia kwa muda, akajaribu kuona kama anachezewa, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Kisha Inspekta alimkuta Tabasamu kwenye kibanda cha zamu, akigawa biskuti kwa wapanga makontena. Alimvuta kando, akamwambia maneno yaleyale, ila safari hii polisi walikuwa geti la pembeni.

"Mkuu, kwangu limefika, limezikwa," Tabasamu alisema, akimshika bega. "Vipi Mama Geti? Mtamwachia? Yule ni kama dada yangu."

"Tunaangalia."

"Mungu amsaidie." Macho yalimlengalenga machozi, na Inspekta akaondoka akiona aibu kwa kumdanganya.

Simu ililia mchana, Mama Geti akiwa mezani na Inspekta akiwa ameinama karibu na kipokea sauti, kichwa chake na cha mama mkwe vikikaribia kugusana, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya atoke mbio.

"Mama, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mwanangu. Vipi mkwe wangu? Yuko salama?"

"Salama kabisa, mama. Anakusifu."

Mama Geti alimtupia Inspekta jicho. "Kweli ananisifu? Nyumbani kwangu hasemi kitu, anakula kama ndege. Haya, andika."

Akamsomea pini tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ya upole kama anayemwimbia mtoto. Aliweka simu chini. Inspekta alimmiminia maji.

"Hukukosea hata neno, mama."

"Kimya. Twende dirishani."

Kutoka dirishani waliyaona mageti yote mawili. Malori yaliingia na kutoka. Mwishowe lilikuja moja la buluu, likabonyeza pini, likapakiliwa kontena la pili la hospitali. Lilizunguka yadi polepole. Mbele ya njia panda lilisita. Kushoto kulikuwa na geti la pembeni, kulia geti kubwa.

Likakata kulia. Geti kubwa.

Mama Geti alishusha pumzi. Anayeamini kwamba polisi wako geti la pembeni ndiye aliyeliongoza lori lile.

"Tabasamu," alisema taratibu. "Kila asubuhi ananimiminia chai."

Inspekta alikwisha kumpigia mwanasheria. "Mama mwanasheria, samahani kwa uongo wa mchana. Mtu wetu ni meneja wa zamu. Nahitaji asishike simu wala asitoke mpaka nirudi. Unaweza?"

Kwa mara ya kwanza siku ile sauti ya mwanasheria ilichangamka. "Nitamwita tupitie mkataba wake wa kazi. Kifungu kwa kifungu."

*

Kulikamata lori pale getini kungempa Inspekta dereva mmoja na kontena moja. Alilitaka na lile la jana. Kwa hiyo waliliacha litoke, wakalifuata kwa gari dogo la kampuni la kubebea vipuri, ambalo hakuna mwizi angelishangaa barabarani. Mama Geti ndiye aliyeshika usukani. Alikataa kabisa kumwachia mtu mwingine, akisema gari ni la kampuni na bima haimhusu polisi.

"Mama, tafadhali, taratibu."

"Nani anaendesha?"

"Wewe, mama."

"Basi shika mlango."

Inspekta alishika mlango. Lori la buluu liliwapeleka nje ya eneo la bandari, likapita karakana za kuchomea vyuma, likaingia kwenye ua wa ghala la zamani la samani. Gari za polisi ziliziba njia nyuma yake. Haikuchukua muda, dereva aliinua mikono hata kabla hajaambiwa, na wapakuzi wawili wakakaa chini wenyewe.

Ndani ya ghala, kontena la jana lilikuwa wazi mlango mmoja. Maboksi kadhaa yalishushwa na kupangwa ukutani, utepe wake haujakatwa. Mnunuzi, dereva alisema, angekuja kesho. Mama Geti alipita akiyagusa moja moja, akisoma maandishi ya hospitali, midomo ikimchezacheza.

Kwenye ofisi ndogo ya ghala walimtoa kijana wa miraba minne aliyekuwa akijaribu kupita dirishani bila mafanikio.

"Mimi ni fundi rangi tu, afande," alisema. "Nimekuja kupima kuta."

Mama Geti aligeuka ghafla. "Sema tena."

"Nasema mimi ni fundi—"

"Huyu ndiye. Sauti hii hii."

Kijana alimtazama mwanamke mfupi mwenye miwani, akaelewa ni nani aliyesimama mbele yake. "Shikamoo, mama," alisema kwa unyonge.

"Marahaba. Leta hiyo simu."

Kwenye simu ile namba ya mwisho kupigiwa ilikuwa ya Tabasamu.

Walipomrudia, Tabasamu alikuwa bado kitini, jasho limemlowesha, na mwanasheria mbele yake akisoma kwa sauti kifungu cha likizo. Aliwaona polisi mlangoni, akamwona Mama Geti nyuma yao. Tabasamu lake lilibaki mdomoni, likawa halina pa kwenda.

"Sikuwa na ubaya na wewe, Mama Geti," alisema. "Wallahi. Nilikuwa na uhakika watakuachia."

"Ulinitumia mtoto wangu," alisema Mama Geti. "Pini ningekusamehe. Lakini ulichukua hofu yangu juu ya mtoto wangu ukaifanya ufunguo."

Alisema mtoto wangu, si mkwe. Inspekta aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Jioni ile makontena yote mawili yaliingia hospitali yakisindikizwa. Daktari alikuja mwenyewe kuyapokea, akasahau kusalimia watu, akawa anahesabu maboksi kwa kidole kama mtoto aliyeletewa zawadi. Mkewe Inspekta alipiga simu kuuliza kwa nini mama yake hapokei simu na kama ameshameza dawa ya presha. Inspekta alimwambia mama yuko salama, ameendesha gari. "Na wewe ulikuwemo?" mkewe aliuliza. "Pole sana, mume wangu."

Kamanda naye alilizungumza lile la kikao cha Jumatatu, kama alivyoahidi, na alilizungumza kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwenye korido. Inspekta alisimama wima akasikiliza mpaka mwisho. Kisha Kamanda akakaa, akaivua kofia.

"Tungelisema Jumatatu," alisema, "kontena lisingetoka Jumatano."

"Na wao wangesema mwezi uliopita, afande, tungemjua Tabasamu mapema."

"Waite. Kampuni zote za gati. Mwanasheria wao yule aje na masharti yake yote, tuyajadili. Tukae meza moja tuone nani anampigia nani, na kwa namba gani."

Wakaitwa, na wiki iliyofuata wakaja. Chumba cha mikutano cha polisi kilijaa mameneja wa kampuni za meli, mawakala, wakuu wa ulinzi na maofisa wa forodha, watu waliozoea kusalimiana kwa mbali tu, wakikodoleana macho na kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kutoa siri. Mwanasheria alikwisha kukaa mbele, kalamu mkononi. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu.

Mlango ukafunguliwa. Mama Geti aliingia, kofia ngumu kwapani, miwani kifuani, akitafuta pa kukaa. Inspekta alimwona, na mwili ukafanya wenyewe kile unachofanya mkwe aonapo mama mkwe: aliinuka akasimama wima, mikono imefumbatwa mbele.

Ofisa wa forodha aliyekuwa kando yake alidhani ndiyo itifaki, naye akainuka. Mawakala wakafuata. Mameneja wakasukuma viti nyuma, mmoja baada ya mwingine, na mwisho Kamanda mwenyewe, asijue ni mgeni gani rasmi aliyeingia, akaibana kofia yake kichwani akasimama.

Mama Geti alisita kizingitini. Aliwatazama wote, serikali upande huu na kampuni upande ule, kisha akamtazama mkwewe, akaelewa kilichotokea, na akajitahidi sana asicheke.

"Kaeni, wanangu," alisema. "Tuna kazi."